Sifuri ya Khutlong

7 Oktoba
Daktari wa Maseru ameniambia nisipange mambo ya majira ya baridi. Alisema kwa adabu, akitazama dirishani. Miguu imevimba, pumzi inaniishia mlangoni, na moyo, kwa maelezo yake, umechoka. Sawa. Nina miaka themanini na moja na sijamwomba mtu anibembeleze.

Ninalotaka ni moja tu: kulala kando ya Sekoati, mume wangu. Kaburi lake liko uwanja wa kanisa wa kijiji chetu, Ha Mokhoabane, chini kabisa ya mteremko wenye nyumba zetu, na uwanja huo pamoja na bonde zima utakuwa chini ya maji bwawa likifungwa. Makaburi yote yanatakiwa kuhamishiwa mlimani kabla ya hapo. Akihamishwa nikiwa hai, nitaachiwa nafasi ubavuni mwake. Nikitangulia kufa, nitazikwa popote watakapoona, naye ataletwa baadaye na kuwekwa penye shimo tupu.

Ndiyo maana nimekubali kuingia kamati ya makaburi, mimi niliyekaa ofisi ya takwimu karibu maisha yangu yote ya kazi na nisiyevumilia vikao vya kijiji.

Moliehi amezidisha chumvi kwenye mboga tena. Huongea tangu anapofungua mlango mpaka anapoufunga. Mwanangu aliye Bloemfontein anamlipa anitunze. Sidhani anamlipa kwa kuongea.

9 Oktoba
Kikao cha kamati kilikuwa nyumbani kwa Morena Khoabane, chifu wetu. Nimepelekwa kwa pikapu ya mwenye duka, nimekaa mbele kama gunia la thamani, Moliehi nyuma na blanketi langu.

Katibu wa chifu, Rapelang, alizunguka vijiji sita vya bonde tangu Agosti akihesabu makaburi. Ameyaweka yote kwenye lahajedwali ndani ya kompyuta aliyopewa na ofisi ya mradi. Alipotaka kusoma idadi tu, mzee Tšoene akasimama na fimbo yake.

"Kaa kimya, kijana. Wafu hawahesabiwi mbele ya watu kama kondoo mlangoni mwa zizi."

"Ntate, baba yangu, ofisi inataka idadi."

"Ofisi ina wafu wake, ikawahesabu hao. Wa kwetu ukiwahesabu kwa sauti, wanajua wako wangapi. Wakijua, wanaita wengine."

Wazee wote wakaguna kukubali. Mhandisi wa mradi, Ntate Mphutlane, akatazama saa yake. Bila idadi hawezi kugawa malori ya kazi, na bila malori hakuna anayehamishwa. Nikaona kaburi la Sekoati likisubiri mabishano ya wazee mpaka maji yalifikie. Nikainua mkono.

Niliwaambia tutumie asilimia. Kila kijiji kitaonyeshwa fungu lake katika mia, basi. Hakuna atakayesikia idadi ya mtu yeyote. Safu yenye idadi itafichwa, isichapishwe.

"Hiyo mia ni ya nani?" Tšoene akauliza.

"Ya wote kwa pamoja, Ntate. Hata ukijua kijiji kina tisa katika mia, hujui ni watu wangapi."

Akafikiri sana. "Basi hapo hakuna aliyehesabiwa," akasema, akaketi. Mhandisi akanitazama kama mtu aliyeokotewa pochi yake. Nakiri nilifurahi. Ni miaka mingi tangu mtu anitazame hivyo.

Rapelang akapiga hesabu ya Ha Mokhoabane kwenye simu, akaandika arobaini na moja kwenye kisanduku, kisha akabonyeza alama ya asilimia. Kisanduku kikaonyesha asilimia elfu nne na mia moja.

"Rapelang!" chifu akapiga paja. "Wafu wetu wamezaana huko chini?"

"Morena, ni hii mashine..."

"Hata sungura hawafiki hapo!"

Watu walicheka hadi mzee mmoja akakohoa mate ya tumbaku. Nikamwambia Rapelang kwamba mashine haina kosa. Ameipa arobaini na moja nzima, nayo ikisikia asilimia huionyesha mara mia. Agawanye kwanza idadi ya kijiji kwa jumla ya wote, humo humo kwenye kisanduku, apate sehemu ndogo ya moja, ndipo abonyeze. Akafanya hivyo, akaongeza tarakimu mbili baada ya nukta, na safu ikajipanga: 41.01, 27.96, 17.00, 8.99, 4.68, 0.37.

Chifu akasogea kwenye kioo. "Na hizi nukta ni za nini? Kuna mfu nusu?"

Kicheko tena. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya ofisini, "Ziondoe, mwanangu. Ukurasa upendeze."

Akabonyeza mara mbili. Ikawa 41, 28, 17, 9, 5, na 0. Ukijumlisha kwa kichwa unapata mia moja kamili. Katika kazi yangu yote sijaona safu iliyokaa vizuri namna ile.

Ile sifuri niliiona. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye: niliiona wakati ule ule, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni sifuri ya Khutlong.

Khutlong ni nyumba chache za zamani kwenye kona ya mto; wenyewe wameshajengewa mpya juu. Watu wazima wa huko tunawazika pamoja nasi kanisani. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, au aliyevuta pumzi siku chache tu, sisi hatumpeleki makaburini. Huwekwa kwenye chungu na kulazwa katika jaa la majivu nyuma ya nyumba ya mama yake, penye ardhi laini na vuguvugu. Jaa moja la Khutlong lina watoto watatu. Wote watatu ni wa Moliehi. Aliwapeleka mwenyewe kwa Rapelang waandikwe, na wazee wakamcheka kwamba majivu siyo makaburi. Rapelang akawaandika.

Watatu katika mia nane na kumi na mbili. Haifiki nusu ya asilimia. Kisanduku kisicho na nukta huonyesha sifuri.

Kabla sijafungua kinywa, mhandisi akasema atatoa malori na vibarua kwa kufuata safu ile, asilimia nyingi siku nyingi. "Ila naomba tukubaliane leo," akaongeza. "Karatasi ikisainiwa imesainiwa. Ikirudi Maseru kusahihishwa, hamtaiona tena kabla mvua hazijaisha."

Kabla mvua hazijaisha. Mvua huisha Aprili.

Nilitia saini ya pili, chini ya ya chifu. Nje, Moliehi alinifunika blanketi akauliza, "Wametuweka, Nkhono, bibi yangu?"

"Wamewaweka," nikasema. Na kweli, kisandukuni wamo.

10 Oktoba
Nimelala.

15 Oktoba
Mvua ya kwanza ya maana. Moliehi amepanda mahindi yangu bila kuombwa. Aliimba mstari mzima wa shamba, kwa sauti mbaya.

Nimejipa sababu nyingi wiki hii. Kwamba mhandisi ataona kuna nyumba Khutlong na kuuliza. Kwamba malori yatakayobaki yatapitia huko. Kwamba chungu ndani ya majivu, baada ya miaka kumi na mingapi, kina nini cha kuhamisha? Hii ya mwisho ni mbaya zaidi, na ndiyo niliyoipenda zaidi.

21 Oktoba
Mvua ya mawe. Maua ya mipichi yote chini.

2 Novemba
Rapelang amekuja na kompyuta kifuani, ameifunika koti isilowe. Akakataa chai, kisha akainywa.

"'M'e, mama yangu, samahani kukusumbua. Nilikuwa nachezea lile jedwali. Nimebonyeza kisanduku cha Khutlong. Ule mstari wa juu unaandika sifuri, nukta, sifuri, sifuri, tatu, inaendelea. Lakini kisanduku chenyewe kinaonyesha sifuri tupu."

"Najua."

"Unajua?"

"Namba iliyomo ndani haijaguswa. Tumebadilisha inavyoonekana tu."

Akajikuna shingo. "Lakini wale wa malori hawabonyezi visanduku, 'M'e. Wana karatasi. Kwenye karatasi ni sifuri. Si nirudishe nukta, nitume upya? Dakika moja tu."

Dakika moja ya kidole chake, na miezi mitano ya ofisi ya Maseru. Uwanja wa kanisa ulikuwa umepangiwa kuanza Jumatano. Nilimtazama kijana huyu asiye na ujanja, viatu vyake vimejaa tope kwa ajili ya theluthi ya asilimia moja, nikamchukia kwa nafsi yangu yote.

"Rapelang, nani alikufundisha ile hesabu?"

"Ni wewe, 'M'e."

"Basi tulia. Karatasi iliyosainiwa haichezewi. Malori yakimaliza kwetu yatashuka Khutlong."

"Nani amesema?"

"Nimesema mimi."

Uso wake ukafunguka. "Aa, kama 'M'e amesema!" Akafunika kompyuta na koti, akaondoka akipiga mluzi.

Tarehe 9 ningeweza kusema nilipitiwa. Leo siwezi.

8 Novemba
Leo wamemfukua Sekoati.

Nilibebwa na kiti. Jeneza la zamani lilikuwa limelainika kama mkate ndani ya chai, na vibarua walifanya kazi kwa heshima, sina la kulalamika. Waliweka mifupa kwenye sanduku jipya. Nilitambua jino la shaba alilowekewa akiwa migodini. Nilidhani nitalia. Nilichofanya ni kukagua kama kamba ni imara.

Mlimani wamemlaza upande wa mashariki, na kushoto kwake wamepigilia vigingi vinne vya nafasi yangu. Chifu alisema maneno mazuri. Kondoo akachinjwa.

Moliehi alinishika mgongoni muda wote ili nisianguke. Mikono yake ina nguvu. Alipoona vigingi alisema, "Sasa unaweza kupumua, Nkhono." Halafu, tukishuka, "Na zamu yetu lini?"

"Malori yakimaliza kwetu."

"Nimeanza kuwashonea blanketi. Nimeambiwa masanduku ya watoto ni madogo, lakini sijui madogo kiasi gani. Nikikata kitambaa kikubwa, nitakunja."

11 Novemba
Moliehi ameuliza zamu yao lini.

14 Novemba
Mvua. Ameuliza.

17 Novemba
Padri kaleta komunyo. Nikaungama, lakini nusu. Nilimwambia kwamba kuna namba ndogo niliyoiacha ionekane sifuri kwa faida yangu. Akauliza kama ni pesa. Nikasema si pesa. Akapumua kwa raha, akasema Mungu hatazami nukta, akanipa rozari moja. Namheshimu sana, ila hajui kuhesabu, nami nilimchagua kwa sababu hiyo.

19 Novemba
Ameuliza. Mboga haina chumvi kabisa sasa. Nimegundua ameiondoa kwa sababu ya miguu yangu. Alikwenda kumuuliza nesi wa kliniki, kwa miguu, kwenda na kurudi.

26 Novemba
Ana kicheko kikubwa. Nilikuwa nikikiita kelele. Leo amenisimulia jinsi mume wake alivyofungasha baada ya mtoto wa tatu. Alisahau suruali zote mbili nzuri kwa haraka ya kukimbia bahati mbaya. "Nilizivaa mimi kulimia, Nkhono! Mpaka zikaisha makalioni!" Alicheka akinipaka mafuta miguuni. Kisha akasema yule wa pili alifika siku ya tisa, alikuwa ameanza kumgeukia akisikia sauti yake.

Nikasema mafuta yanatosha.

1 Desemba
Wamefunga lango la bwawa. Chifu alipigiwa simu, akatangaza. Ha Letlatsa wamemaliza kuhama, Thoteng wamebakiza siku mbili.

4 Desemba
Mvua mfululizo. Mto umepoteza umbo lake.

7 Desemba
Ameuliza. Nikajibu yale yale. Nilisikia sauti yangu ikijibu kama mlango unaofungwa na upepo.

11 Desemba
Malori yameondoka. Yote. Yalipita barabarani yakielekea Maseru, vibarua wakiwapungia watoto mikono.

Moliehi hakuja asubuhi. Alifika adhuhuri, amelowa hadi kifuani, blanketi tatu ndogo zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Yaliyotokea nimeyapata kwake kwa vipande. Alipoyaona malori yanaondoka aliyakimbilia, akamsimamisha msimamizi. Msimamizi alitoa karatasi, akamwonyesha. Khutlong, asilimia sifuri. "Mama, sifuri maana yake hakuna," alimwambia. "Mimi nahamisha waliopo."

Alikwenda moja kwa moja mtoni na jembe lake. Maji yalikuwa yameshafika nyuma ya nyumba. Jaa la majivu limegeuka uji wa kijivu. Alisimama ndani ya maji ya magoti na kuchimba, na kila alipotoa tope, tope lilirudi.

"Mmoja nimempata," akasema. "Chungu kimevunjika lakini nimempata. Sijui ni yupi."

Amemzika mwenyewe kule juu, chini ya jiwe. Mmoja katika watatu. Hii asilimia sitaiandika.

Alikaa sakafuni, matope yakimkauka miguuni. Mimi kitandani. Nilikuwa na sentensi mdomoni, nikaivuta nyuma, nikamwambia abadilishe nguo asije akaugua.

12 Desemba
Maji yamefunika paa la nyumba ya kwanza ya Khutlong.

13 Desemba
Mwenye duka ameniletea habari kwamba wamempiga Rapelang. Wanawake wa Khutlong walimkuta kisimani. "Wewe ndiye mashine! Wewe ndiye uliyewafuta watoto!" Wamempasua mdomo. Wengine wanamwita Bwana Sifuri. Chifu amemsimamisha ukatibu.

"Naye amejitetea vipi?" nikauliza.

"Hajajitetea. Anasema alimuuliza mtu mwenye elimu kuliko yeye. Hataki kumtaja."

Mwenye duka alipoondoka nikajaribu kusimama peke yangu. Nilifika mlangoni.

20 Desemba
Leo ulikuwa mkutano wa kijiji. Wanaume wamerudi kutoka migodini kwa Krismasi, kwa hiyo ulijaa. Niliagiza kiti, nikabebwa. Moliehi alikuwa upande wa wanawake, amejifunika blanketi hadi puani. Tangu tarehe 11 alikuwa akija, ananiosha, ananilisha, anaondoka. Haongei. Nilikuwa nikiomba kimya hicho tangu Oktoba. Sasa nimekipata.

Niliomba ruhusa ya kusema nikiwa nimekaa. Nikasema hivi, karibu neno kwa neno:

"Rapelang hana kosa. Alihesabu sawasawa na aliwaandika watoto wa Khutlong. Mimi ndiye niliyesema tuonyeshe asilimia peke yake. Mimi ndiye niliyesema nukta ziondolewe. Nukta zilipoondoka, wale watoto walionekana sifuri, nami nikaona. Rapelang alikuja kwangu kabla lango halijafungwa, muda wa kutosha, akataka kurekebisha. Nikamzuia. Nilimzuia kwa sababu karatasi ingerudi Maseru, na mume wangu asingehamishwa kabla sijafa."

Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe, nakiri, hata nimeyatamani. Palikuwa na mnong'ono tu, kama wa watu wanaotaka kwenda kula.

Mzee Tšoene alikuwa wa kwanza. "'M'e, usijitese. Wewe ulitusaidia wafu wasihesabiwe."

"Ntate, wengine hawakuhesabiwa mpaka wakazama."

"Wale walikuwa kwenye majivu," akasema, bila ubaya hata kidogo.

Chifu akasimama, akavua kofia. "Mmeona unyenyekevu wa mama yetu? Mgonjwa namna hii, anajitwisha kosa la kijana ili amwokoe. Hayo ndiyo malezi ya zamani. Rapelang, rudi kazini. Shukuru."

"Morena, sijitwishi. Nasema kilichotokea."

"Tumesikia, 'M'e. Ilikuwa namba ndogo sana. Hata mashine haikuiona."

"Mashine iliiona!" nikapiga kelele, pumzi ikakatika, wakakimbilia maji.

Wakanipigia makofi. Wamenipigia makofi nikibebwa kutoka. Rapelang, mdomo wenye mshono, alishika mguu mmoja wa kiti changu.

Nilipogeuza kichwa, upande wa wanawake Moliehi hakuwepo.

21 Desemba
Hakuja.

22 Desemba
Hakuja. Chifu amemleta mpwa wake, 'Malebohang. Ana miaka ishirini na simu.

25 Desemba
Krismasi. Mwanangu amekuja kutoka Bloemfontein kwa siku mbili. Nikamweleza yote. Akasema, "Mama, una homa." Ameongeza mshahara wa Moliehi, kana kwamba tatizo ni hilo.

29 Desemba
'Malebohang hunigeuza kama mkate usiobanduka. Mboga ina chumvi tele. Niliila yote.

3 Januari
Bonde halipo. Kutoka dirishani ni bati la kijivu kutoka mlima hadi mlima. Watalii wawili walisimamisha gari wakapiga picha.

Rapelang alinitembelea. Amerudi kazini. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja walipompiga.

"Ningekutaja, 'M'e, wangesema namsingizia mzee. Wangenipiga mara mbili." Alisema bila uchungu. Kisha akafungua kompyuta, akanionyesha. Amerudisha nukta. Amerudisha na ile safu ya idadi iliyofichwa. "Nimetuma Maseru upya. Najua haisaidii."

"Wamejibu?"

"Wamejibu. Wanasema mradi wa makaburi umefungwa kwa asilimia mia moja."

Sikumpa pole. Sikumpa shukrani pia, nami nilikuwa nayo. Nilimwomba anisogezee mto.

8 Januari
Moliehi amerudi.

Aliingia kama alivyokuwa akiingia zamani, ila kimya. Akamwambia 'Malebohang, "Nenda nyumbani, mdogo wangu," na msichana akaenda kwa furaha. Akachemsha maji. Akanivua nguo. Vidonda viwili vimeanza mgongoni kwa kulala, akavisafisha kwa chumvi na maji vuguvugu, taratibu sana. Niliona aibu ya mwili wangu, aibu ambayo sikuwahi kuiona mbele yake.

"Umekuja kwa sababu ya mwanangu?" nikauliza. "Kwa sababu ya mshahara?"

"Pesa zake nimemrudishia."

"Umenisamehe?"

Mkono ukasimama.

"Nkhono, usiniulize hilo nikiwa nimeshika kitambaa."

Akaendelea. Nikamwambia nafasi yangu mlimani nampa yeye, awekwe mtoto aliyempata pale, kando ya Sekoati, penye vigingi. Mimi wanizike popote. Nilikuwa nimelitengeneza neno hili kwa wiki mbili. Nililiona kubwa.

Alicheka. Ni kile kicheko chake, kile kikubwa, lakini kilikuwa kimekauka ndani.

"Mwanangu alale na mume wako? Amfahamu wapi? Hapana. Lala naye wewe. Umemlipia."

Kisha alinifunga kanga safi, akanilaza ubavu, akakaa ukingoni mwa kitanda ili tuonane uso kwa uso. Hakuwahi kukaa kitandani mwangu.

"Nikuambie kwa nini nimekuja. Siku yako ikifika, wataitwa wanawake wa kanisa waje kukuosha. Nitawatoa nje wote. Nitakuosha mimi peke yangu, mlango umefungwa. Nina maneno yangu. Nimeyaweka. Nitakuambia siku hiyo."

"Niambie sasa, Moliehi. Nina haki ya kuyasikia."

"Huna," akasema. "Wewe una maneno mengi. Kila nikikuuliza zamu yetu lini, ulikuwa na jibu. Mkutanoni ulisema vizuri mpaka wakakupigia makofi. Nikikuambia sasa, utalipata la kusema, na mimi nitakusikiliza, maana nimezoea. Nataka siku ambayo huna."

Akaenda kumwaga maji.

12 Januari
Mvua. Pumzi fupi. Moliehi amekuja.

15 Januari
Amekuja. Ameanza kuongea tena, mambo ya mahindi, mambo ya bei ya mafuta ya taa. Mahindi yangu yamefika kiunoni. Sauti yake inanifikia kana kwamba iko chumba kingine.

19 Januari
Daktari amepita, akapima, akaandika kitu kwenye karatasi, akaigeuza nisione. Nilimwambia namba zangu anionyeshe, ni kazi yangu. Akatabasamu tu.

22 Januari
Kalamu ni nzito. Leo asubuhi alipokuwa akiniosha nilimshika kifundo cha mkono. Nikamwambia niko tayari, aseme yote, nitanyamaza, namwapia sitajibu neno.

Alijinasua polepole, akakamua kitambaa.

"Umeshajibu," akasema, akanigeuza upande wa pili, akaendelea na mgongo.